Nilimtoa Mara Mbili

"Kumtoa mtu kwenye grupu siyo kumtenga, baba. Ni vitu viwili. Kumtoa ni kubonyeza tu."

Hivyo ndivyo nilivyomjibu, na kwa sauti ya juu kuliko inavyotakiwa binti kumjibu baba yake, kwa sababu alikuwa ameshasema mara tatu kwamba mimi ndiye niliyeanza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa zizi, anamtazama mtamba wetu mwekundu. Mimi hakunitazama.

"Nyie mliosoma ndio mna vitu viwili," alisema. "Sisi tuna kimoja. Mtu yuko ndani au yuko nje."

"Lakini grupu ni la simu tu."

"Na mwano ni wa mdomo tu. Mbona usipoitikia unatozwa ng'ombe?"

Naandika haya nikiwa bado nina hasira naye, na hasira kubwa zaidi na mimi mwenyewe. Upande wa pili wa ua wetu wa minyaa amelala bibi aliyekufa leo mchana, na mpaka sasa jua linazama hakuna mtu hata mmoja aliyekwenda. Ngoja nieleze tangu mwanzo, maana nikiruka kitu nitakuwa najitetea.

Mwano ni yowe. Ng'ombe wakiibiwa, anayejua anapiga yowe, jirani analipokea, wa mbele analipokea, mpaka kitongoji kizima kiko njiani na fimbo. Asiyetoka bila sababu anatozwa na sungusungu, walinzi wetu wa jadi. Asiyekuja msibani ni hivyo hivyo. Anayekaidi anatengwa. Kutengwa maana yake hupewi moto, hupewi maji, mashine haikusagii, hakuna wa kukuambia "mwangaluka" asubuhi, na ukifiwa unazika mwenyewe. Anayekusalimia naye anatozwa ng'ombe. Ukitaka kurudi unatoa ng'ombe wako, anachinjwa, watu wanakula, yameisha. Nimekua nikiyajua haya kama ninavyojua njia ya kisimani.

Siku hizi yowe limehamia WhatsApp. Kamanda wa sungusungu aliona ni rahisi kuliko kupasua koo. Grupu likafunguliwa kwa kufuata daftari lao, namba moja kwa kila kaya, na kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne na simu yangu inakaa na chaji, nikafanywa admini. Matangazo yote naandika mimi. Ng'ombe wamepotea, mkutano saa nne, msiba wa fulani, kila kaya ije na ndoo ya maji, sahani ya unga na kuni. Nilijivuna, sitadanganya. Wazee wanaonizidi miaka hamsini walikuwa wananiita "mayu" kwa utani, kama mama mwenye mji.

Jirani yetu wa upande wa minyaa ni mjane. Kazaliwa Mkula, akaolewa hapa kabla mimi sijazaliwa. Mume alipofariki yeye alibaki na binti yake na mama mkwe. Wengine wangerudi kwao. Yeye akabaki, analima pamba, na huyo mama mkwe aliyelala kitandani miaka miwili anamlisha uji kwa kijiko. Taa ya sola niliyosomea mtihani wangu wa mwisho ilikuwa yake. Alinipa tu, akasema yeye usiku hana cha kusoma.

Mwaka huu akachukua fomu ya kugombea uenyekiti wa kitongoji. Watu walicheka kwanza. Walipoona akina mama wanabaki kumsikiliza baada ya kanisa, wakaacha kucheka.

Picha ilikuja asubuhi. Ilirushwa na dereva mmoja wa bodaboda ambaye hashindi siku bila kurusha kitu. Mjane kasimama kando ya lambo la mifugo na wanaume wawili waliovaa vizibao vya kung'aa, mmoja kashika karatasi. Chini pameandikwa kwa herufi kubwa: HUYU NDIYE ANAYEUZA LAMBO. AKISHINDA NG'OMBE WENU WATAKUNYWA MKOJO.

Wale wanaume walikuwa mafundi wa maji. Walikuja kuangalia tuta lililomeguka, wakashinda kutwa, wakala ugali mbele ya watu. Na kila aliyeisambaza ile picha alikuwepo siku hiyo. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Kwenye semina walituambia watu wanadanganywa mtandaoni. Watu wetu hawakudanganywa. Walijua wale ni nani, halafu wakachagua kutojua.

Yaliyofuata ni sauti. Huku kwetu wengi kuandika ni kazi, kwa hiyo matusi yanakuja kwa sauti, na sauti ina sumu kuliko maandishi kwa sababu unamsikia mtu mpaka anavyomeza mate.

"Mtu wa Mkula akatawale Mkula."

"Hana hata ndama, atalinda ng'ombe za nani?"

"Muulizeni, mume wake alikufa kwa kitu gani."

Mtu mmoja akaweka sauti ya kicheko tu, dakika nzima, na ikapata vidole gumba vingi kuliko tangazo lolote nililowahi kuandika.

Mimi nilikuwa nimetoka Bariadi wiki mbili nyuma, semina ya siku moja kuhusu kuzuia chuki na uzushi wakati wa uchaguzi. Tulipewa fulana, cheti na soda. Mwezeshaji, dada mmoja wa kutoka Dar, alisema admini mzuri anatuliza grupu kwa kuondoa chanzo cha mvutano. Niliandika kwenye daftari nikapigia mstari mara mbili. Kwa hiyo siku ile nilianza kwa heshima. Niliandika ujumbe mrefu wenye kichwa UKWELI KUHUSU LAMBO, nikaeleza mafundi ni nani na walikuja kufanya nini. Jibu la kwanza lilikuwa, "Umelipwa soda ngapi?"

Jioni ikaja sauti nyingine, ya mwanamke, naijua sauti yake, ananisuka nywele. Alisema polepole kama anayeuliza bei ya nyanya: "Na huyo bibi yao, miaka miwili kalala hafi. Anasubiri nini? Anamsubiri nani?"

Kwetu hilo si swali, ni shutuma ya uchawi. Mtu akiuliza hivyo kuhusu kikongwe, na wengine wakaitikia "eeh", kuna vikongwe walioishia kwenye mapanga kwa sababu ya maneno mepesi kuliko hayo. Nikafungua orodha ya watu. Waliokuwa wanatukana walikuwa kumi na kitu, mmoja wao binamu wa baba, mwingine mkwe wa kamanda. Anayetukanwa alikuwa mmoja.

Nikamtoa huyo mmoja.

Nilijiambia namlinda. Asisikie la bibi. Na kweli, baada ya hapo grupu lilitulia, maana kumtukana mtu asiyesikia hakuna utamu. Nikalala usingizi mzuri kabisa. Kwake ni hatua ishirini kutoka jikoni kwetu, na sikwenda kumwambia. Nilidhani nitamwambia baadaye.

Siku tatu baadaye mzee mmoja wa ng'ambo ya korongo akafariki. Tangazo nikaliandika mimi. Maji, unga, kuni, kila kaya. Watu wakajaa. Mimi nilikuwa naosha masufuria na wenzangu, na nilimwona kila mtu akija na ndoo yake, na niliona nani hakuja. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri labda kaenda kupiga dawa pamba. Admini mzima, mwenye cheti cha semina, sikukumbuka kwamba mtu niliyemtoa hasomi matangazo yangu.

Wengine hawakuhitaji kufikiri.

"Mgombea wenu mbona hayupo?" aliuliza mama mmoja.

"Yuko lamboni anapima."

"Aje kwa wafu kufanya nini? Wafu hawapigi kura."

Walicheka mpaka mmoja akadondosha mwiko. Msibani, mwili uko ndani.

Sungusungu walikaa siku hiyo hiyo. Kamanda si mtu wa kelele, ni mtu wa kujumlisha. "Kwenye grupu hayupo, msibani hayupo," alisema. "Kajitenga mwenyewe. Sisi tunaweka muhuri tu." Filimbi ya kumtenga ikapigwa, na ilipofika jioni hakuna aliyekuwa anaitikia salamu ya mjane.

Nilimfuata kamanda kwake nikamweleza yote. Alinisikiliza vizuri, hata kiti alinipa.

"Kwa hiyo nani alimtoa?"

"Mimi, baba."

"Kwa amri ya nani?"

"Hakuna amri. Nilitaka matusi yaishe."

"Basi amri yetu imekuta umeshaitekeleza," alisema akitabasamu. "Una akili wewe binti. Tungekuwa na mabinti watano kama wewe, kitongoji kingenyooka."

Sijawahi kusifiwa hivyo na mtu mkubwa. Na nitakiri, kabla aibu haijafika, sifa ilikuwa imeshapita mahali pake ikanipa joto.

Kesho yake asubuhi nikamrudisha. Alikuwa ndani ya grupu kwa muda wa kuchemsha chai. Aliandika ujumbe mmoja, naukumbuka wote: "Mwangaluka ndugu zangu. Sikupata habari ya msiba. Poleni sana. Nitakwenda leo na maji." Hakuna aliyejibu. Watu wakaanza kutoka, mmoja, mwingine, mwingine, kama wanaoona nyoka ndani ya nyumba. Halafu simu yangu ikalia. Kamanda.

"Mtoe, au utoke wewe na namba ya baba yako."

Baba alikuwa anakamua maziwa, mgongo wake nauona. Namba ya baba ikitoka, ni kaya yetu iliyotoka. Ng'ombe zetu zisichungwe na za wenzetu. Mama asisage. Nami nina nafasi ya chuo cha uuguzi, na ada yangu ni yule mtamba mwekundu.

Nikamtoa. Sikuchukua hata dakika moja kufikiri. Mara ya kwanza sikujua ninafanya nini. Mara ya pili nilijua kila kitu, mpaka mwisho.

Juzi nilikuwa mashineni na debe langu la mahindi. Foleni ya wanawake sita, saba. Mjane akaja na sufuria ndogo tu, mahindi ya uji wa mgonjwa. Mwendesha mashine akamwona, akazima injini. Ukimya wa mashine ikizimwa ghafla ni mbaya, masikio yanauma.

"Mashine imechoka," alisema, akajikung'uta unga.

Mjane akasimama nyuma yangu. Nilisikia anavyopumua. Halafu mwanamke wa mbele, yule msusi wangu, akasema bila kugeuka, kama anaongea na mlango, "Jamani kuna harufu ya tope la lambo humu." Wakacheka. Nami nilicheka. Kidogo, kwa pua, lakini nilicheka, na alikuwa nyuma yangu kabisa, pua yangu aliisikia.

Aliondoka. Hakuwa hata amefika barabarani injini ikawashwa.

Bibi alikula nini siku hizo mbili, sijui. Nadhani walitwanga. Nilisikia kinu upande wa pili wa minyaa, kisha nikafungulia redio.

Leo mchana nilikuwa naanua nguo nikamwona binti wa mjane kasimama kwenye upenyo wa ua. Ana miaka kumi na miwili. Tangu watu wakatazwe kuwasalimia, naye ameacha kusalimia, alisimama tu mpaka nikamwona.

"Bibi amekufa," alisema.

Nikaweka nguo chini.

"Mama kasema usije. Kasema mtatozwa."

"Sasa mnazika lini?"

"Kesho. Mama atachimba."

"Atachimba na nani?"

Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto mzito wa kuelewa. "Na mimi," alisema.

Akaondoka. Nilibaki na vibanio vya nguo mkononi. Hatua ishirini. Mwanamke huyu niliyemtoa mara mbili ili asidhurike, na mimi nisidhurike, katikati ya kumwosha maiti alikumbuka kumtuma mtoto aje aniambie nisije.

Ndiyo maana jioni hii nimegombana na baba. Nilimwambia naandika tangazo la msiba. Akasema msiba wa aliyetengwa hautangazwi. Nikasema basi nakwenda kuchimba.

"Mwanamke hachimbi kaburi," alisema.

"Na yeye kesho atachimba nini, viazi?"

"Usinijibu hivyo."

"Nisamehe baba. Lakini bibi hakugombea chochote. Bibi hakutoka kitandani. Yeye kosa lake ni nini?"

Bibi huyo ndiye aliyemkanda mama mgongo siku nilipozaliwa mimi, baba anajua, mvua ilikuwa imekata njia ya zahanati. Alichukua kijiti akaanza kukwangua tope kwenye ukwato wa mtamba.

"Unajua bei ya kuvuka ule ua," alisema. "Huyu hapa. Sina mwingine wa kukupeleka chuo. Watakuja kumchukua watu wenyewe unaowaandikia matangazo, watamchinja, watakula, na watasema ana mafuta mazuri. Kisha wewe utabaki hapa unapalilia pamba."

"Najua."

"Hujui. Una miaka kumi na tisa. Unataka kila kitu kinyooke leo."

"Ningekuwa nataka leo ningekuwa nimeshakwenda. Nimekaa hapa tangu mchana, baba, naogopa kama nyie."

Labda niliposema "kama nyie" nilivuka mpaka. Alisimama, akafunga mlango wa zizi, akafunga mara mbili, akaingia ndani bila kuniangalia.

Mama muda wote alikuwa anapepeta mchele mlangoni mwa jiko. Yeye ni wa Shishiyu na ana tabia ya watu wa kwao ya kusubiri wengine wamalize. Alipepeta mpaka ungo ukawa safi, halafu akasema, kama anayejisemea, "Jembe lenye mpini mzima liko nyuma ya jiko. Lile lingine linateleza mkononi."

Baba alisikia. Dirisha lilikuwa wazi, na hakulifunga.

Sijui kura zitakwendaje wiki ijayo, na leo sijali. Jina lake bado liko kwenye karatasi, na wanaume wanaosema anauza lambo bado wanapeleka ng'ombe zao kunywa kwenye lambo hilo hilo kila siku saa nane, na maji yapo. Nilidhani kazi yangu ni kunyamazisha grupu. Liko kimya sasa, sijawahi kuliona kimya hivi. Jioni hii kuna mtu mmoja tu kaandika, anauliza nani anauza mbegu za dengu.

Nimeshaandika ujumbe wa kesho, nimeuhifadhi bila kuutuma. Hauna kichwa cha herufi kubwa safari hii. Unasema bibi wa kaya ya jirani yetu amefariki, anazikwa kesho nyumbani kwake, kila kaya ije na ndoo ya maji, sahani ya unga na kuni, kama kawaida. Unasema mjane hakuja kwenye msiba uliopita kwa sababu hakuwemo humu, na aliyemtoa ni mimi, mara ya kwanza kwa ujinga na mara ya pili kwa woga. Unasema anayetaka kutoza ng'ombe ajue yuko zizi gani, ni mwekundu, ana doa jeupe pajani.

Kesho asubuhi, ng'ombe zikiwa bado zizini na watu ndio wanashika simu kuangalia kumekuchaje, nitamrudisha mjane kwenye grupu, nitatuma ujumbe, kisha simu nitaiacha mezani ikilia peke yake. Nitachukua jembe lenye mpini mzima. Upenyo wa minyaa ni hatua ishirini na hakuna atakayeniona, kwa hiyo sitapita hapo. Nitatoka kwa mlango wa mbele, nizunguke kwa njia ya mashine ambako foleni huwa imeshaanza, jembe begani, niwaambie wote "mwangaluka" mmoja mmoja, msusi wangu kwa jina, mpaka nifike kwake. Na yeye nitamsalimia nikiwa bado barabarani, kwa sauti ya mwano, wasikie.